Namba Kwenye Dari

Siku ya karamu ya mavuno nilipanda roshani ya Ukumbi wa Wakulima kuchukua vitambaa vya meza. Nilipoinua macho, nikaona dari limeandikwa namba. Kila bati la nakshi lilikuwa na namba yake ya chaki, moja mpaka mia mbili na kitu. Mbao za ukutani nazo vilevile. Mimi niliishia darasa la sita, lakini namba nazijua. Na najua mtu haandiki namba kwenye kitu anachotaka kibaki mahali pake.

Miaka saba sisi wanawake wa Tarnow tumeoka na kuchemsha ili paa la ukumbi huo lizibwe. Kila Oktoba mji mzima huja kula bata mzinga, anayekula analipa, na hela yote ni ya paa. Baba yangu aliacha vidole viwili kwenye msumeno wakati wa kuujenga. Mimi nilichumbiwa humo, na mume wangu nilimuaga humo siku ya maziko yake.

Nikashuka jikoni. Verna, karani wa baraza la mji, alikuwa anamenya viazi.

"Verna, mwanangu, zile namba za nini?"

Kisu kikamponyoka. "Mama Nettie, mimi niliapishwa kutunza siri."

"Na mimi nina mwiko wa chuma."

Akasema. Meya wetu, Garth Wessel, ameuza dari, mbao na jukwaa kwa mwenye hoteli wa jiji la Calgary. Malori yanakuja Jumatatu saa nne. Kitakachobaki kinasukumwa na tingatinga, pawe pa kuegesha matrekta ya kuuza.

"Na hela yetu ya paa?"

"Anataka kununulia bango la barabarani. *Karibuni Tarnow, Mji wa Historia.*"

Nilikaa juu ya gunia la viazi.

"Madiwani wamekubali?"

"Hawajui. Aliwaambia zile namba ni za ukaguzi. Kura atawaletea Jumanne, kazi ikiwa imeshaisha."

Shoga yangu Olive Sorsdahl akaweka chini sufuria ya mchuzi. "Nettie, tumtilie dawa ya kuharisha."

"Choo ni kimoja, Olive, na wa kukisafisha ni sisi. Niachie mimi."

Kwetu sala ya karamu husemwa na mwanamke mkongwe kuliko wote jikoni, na kabla hajasema amina hakuna anayegusa uma. Sala haikatizwi. Mwaka ambao bomba la jiko lilishika moto, watu walisubiri amina ndipo wakakimbilia ndoo.

Basi nikasimama na aproni yangu. Watu mia tatu, kofia mkononi, macho wamefumba. Garth alikuwa meza ya mbele, karibu kabisa na paja la bata.

"Bwana," nikaanza, "tunakushukuru kwa chakula hiki. Tunakushukuru kwa Garth, uliyemjalia kichwa kikubwa kwa nje."

Mtu akacheka kwa pua.

"Nisamehe, leo nina hasira. Ulimwona baba yangu akifunga mkono kwa gunia, akaendelea kupigilia misumari kwa mkono uliobaki. Huyu hajapigilia hata msumari wa kutundikia picha, na ameuza dari letu. Watu wako watazame juu, Bwana, kisha wafumbe tena."

Wakatazama. Ukumbi ukanguruma kama jiko lililojaa kuni. Nikawaeleza yote, malori, hoteli, bango, sikubakiza.

"Mama Nettie," Garth akanong'ona, jasho linamtoka, "mchuzi unapoa."

"Bwana, kuna nzi ananipigia kelele nikisema nawe."

"We Garth, nyamaza, mama anasali!" mzee mmoja akafoka kutoka nyuma.

"Sasa, Bwana, madiwani wako watano wote wamo humu. Anayetaka ukumbi ubaki na ainue mkono. Sina haraka. Mimi nilishakula jikoni."

Lloyd Fehr aliinua upesi, yule hawezi njaa. Wa pili akafuata. Watatu waliobaki wakatazama sahani zao. Mafuta yakaanza kuganda juu ya mchuzi. Mwisho akainua Dale, mume wa Olive, na mkono wake nadhani uliinuliwa na kiatu cha Olive chini ya meza.

"Verna, umeandika?"

"Nimeandika, Mama." Kwenye karatasi ya kufungia pai.

"Amina."

Garth akaruka. "Hiki si kikao! Hii ni sala!"

"Basi kata rufaa huko ilikokwenda," nikamwambia. "Kaa ule, mwanangu, kimeshapoa."

Jumatatu saa mbili asubuhi madiwani walikaa kikao cha kweli, na kwa kura tatu kwa mbili ukumbi ukabaki. Malori yalipofika yalitukuta mlangoni, wanawake kumi na tisa na miiko yetu. Yakarudi Calgary matupu. Garth hajaniomba radhi mpaka leo, na siku ile alikula sahani mbili. Sijamsamehe hata moja.

Fundi wa paa atakuja theluji ikiisha. Wametaka kuzifuta zile namba, nimekataa. Mvua ikinyesha tunajua panapovuja. Ndoo iko chini ya namba themanini na saba.