Sauti ya Mzee Niyonzima Kwenye Diski

Dukani kwa Khatibu, fundi kompyuta wetu hapa Kasulu, mtu huingia kuchapa barua akatoka anajua nani kaposwa na nani kaachika. Mimi nauza vitumbua pale mlangoni. Immakulata alipofika na diski aliyoifunga kwenye kitenge, nilisogeza kigoda changu ndani.

Humo mlikuwa na sauti ya marehemu baba yake, mzee Niyonzima, akitaja ukoo wao babu kwa babu tangu Burundi. Nakala ni hiyo moja tu. Kesho yake walikuwa wanaondoa matanga kule Kumsenga, Kibondo, na ndugu wote wanaisubiri. Alitaka ihamishiwe kwenye simu kabla gari la Kibondo halijaondoka.

Khatibu akachomeka. Taa ya diski ikawaka, lakini kwenye kioo hapakutokea kitu. Akabadili waya, akabadili tundu. Wapi!

"Imekufa hiyo," alisema Leonidasi, mwalimu mstaafu asiyekosa neno. "Ya shemeji yangu ilikuwa hivyohivyo."

"Shemeji yako aliidondosha kwenye pombe, mwalimu. Tunajua," nikamjibu.

Khatibu akafungua orodha ya diski zote zilizochomekwa. Ilikuwemo! Ila haikuwa na herufi, ile ambayo kompyuta huipa kila diski ndipo ifunguke.

"Si uifomati!" Leonidasi mkono tayari uko kwenye mausi.

Khatibu akaudaka. "Kufomati ni kufuta, mwalimu! Unataka tumzike mzee mara ya pili?"

Immakulata akakaa sakafuni.

Khatibu akaitazama ile orodha, kisha akajipiga kofi la paji la uso. "Dada, diski yako nzima. Kosa langu."

Huku kwetu flashi moja huzunguka kwaya, msikiti, shule na vibanda vya sinema, ikirudi imejaa virusi. Msimu wa mitihani viliua mashine moja ya Khatibu, naye akaizuia hii isifungue diski ngeni yenyewe. Akasahau. Kumbe diski ilikuwa mlangoni inapiga hodi muda wote, na sisi ndani tunaipangia mazishi.

Akaipa herufi kwa mkono. Faili likajitokeza, akabofya. Kikasikika kikohozi, halafu: "Mimi Niyonzima, mwana wa Nduwayezu, mwana wa..."

Immakulata aliinuka akaisimamisha.

"Aa, mwanangu!" nikalalamika. "Tuonje kidogo."

"Hapana, mama. Baba zangu wadogo hawajaisikia. Ya ukoo yaanzie kwao."

Ilipomaliza kuhamia kwenye simu, akaijaribu sikioni, peke yake, akiitikia kwa kichwa taratibu. Akatuaga, akakimbilia gari.

Mimi, ambaye mji mzima najua nani mtoto wa nani, nikaanza kuhesabu wa kwangu: baba, babu, baba yake babu... Pale nikakwama.

Aliyebaki anayejua ni shangazi, na mwaka huu amekuwa mtu wa kitandani. Nikampigia palepale, nikamwomba Khatibu anioneshe pa kubonyeza ili nirekodi.