Dawa ya Polepole

Dada Hanifa alinipa mpaka Jumamosi.

"Jumatatu fundi anabomoa hicho chumba, Natalia," alisema. "Kama kuna kitu unakitaka humo, kitoe mapema."

Tangu Babati iwe makao makuu ya mkoa mpya, kila mwenye chumba mjini alikuwa amejiona tajiri mtarajiwa. Hanifa alishaahidiwa wateja wa fotokopi kutoka maofisini kabla mashine yenyewe haijafika. Chumba cha giza cha studio, alimokuwa akisafishia picha marehemu baba yake, mzee Shomari, hakikuwa na kazi tena. Filamu za rangi tulizipokea kaunta, tukazituma Arusha kwa basi la asubuhi, na kazi yangu ilikuwa kuandika majina kwenye bahasha na kusikiliza malalamiko ya watu ambao sura zao hazikuwapendeza.

Kitu nilichokitaka nilikipata siku ya Jumatano, ndani ya boksi la viatu. Ilikuwa bahasha ya kaki yenye mwandiko wa mzee Shomari: "Wilhelmina Yohanes. Machi 1979. Karatasi hakuna, aje tena." Ndani mlikuwa na negativu moja, pana kama kiganja changu.

Wilhelmina ni mama yangu. Hakurudi tena studio, maana mwezi uliofuata alikufa kwa homa, mimi nikiwa na miezi minane na baba akiwa vitani Kagera. Hakuna mtu duniani aliyekuwa na picha yake. Nimekua nikiambiwa nimechukua shingo yake, mara meno yake, mara mwendo wake, kila shangazi na kiungo chake, mpaka nikafika mahali sitaki kusikia. Mimi nilitaka uso. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano na bado nilikuwa nawaangalia wanawake wa rika lake sokoni, nikijiuliza angekaaje na kitambaa kile kichwani.

Na baba alikuwa anapofuka. Ni presha ya macho, na daktari hakuficha: kilichobaki kingeweza kwisha kabla ya mwaka kwisha. Tayari alikuwa anaona kipande kidogo tu cha katikati, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Barua ya mwisho aliyoipata kule vitani ilimwambia mama amepigwa picha na ataituma. Baba hakuoa tena. Akiulizwa kwa nini, alikuwa anasema kuna kitu anakisubiri, watu wakacheka wakidhani ni utani.

Hanifa alipiga simu Arusha. Walisema mashine zao hazipokei negativu kubwa namna hiyo. Basi kikabaki chumba cha giza. Mashine ya kukuzia picha bado iliwaka, na taa nyekundu pia. Karatasi za picha zilikuwa nne tu, za zamani. Dawa za kusafishia zilikuwa aina tatu juu ya rafu, na mimi sikujua hata moja.

Alhamisi nilipanda baiskeli mpaka Singe kwa Basil, aliyemsafishia mzee Shomari picha kwa miaka mingi kabla ya kuamua kwamba mahindi hayana maneno. Nilimkuta anapukuchua.

"Shikamoo, mzee Basil."

"Marahaba. Kama ni picha za pasipoti, mwambie Hanifa nimestaafu."

Nilimweleza. Akafuta mikono, na nikaona kwamba amefurahi ingawa hakutaka nijue.

"Kopo la bluu ni la filamu," alisema. "Ukilitumia kwa karatasi, picha itatoka ya kijivu, mvivu mvivu. Liache. Kopo jekundu ni dawa ya haraka. Dakika moja na nusu, umemaliza, uso mweupe, nguo nyeusi. Watu wa Babati ndivyo wanavyopenda. Wateja wote walitoka pale weupe kuliko walivyoingia."

"Na ile pakiti ya kahawia?"

"Hiyo ya polepole. Inatoa hata kilichofichwa na weusi. Shomari alikuwa anaitumia kwa maharusi wenye subira. Inataka dakika tano, inataka joto, na mwanga wa mashine unaongeza. Na karatasi kuukuu humo inaweza kuingia ukungu. Wewe mwanafunzi, binti yangu. Chukua jekundu."

Nikamsikiliza. Hata asingesema ningechukua jekundu, maana mimi na subira hatujawahi kukaa nyumba moja.

Ijumaa karatasi ya kwanza niliikata vipande vya kujaribia mwanga. Ya pili niliiharibu mwenyewe kwa kufungua mlango nikiwa na haraka ya kufuata kijiko. Kabla ya ya tatu niliipandisha negativu kwenye mwanga wa taa. Karibu na bega palikuwa na kidoa hafifu, nikadhani ni alama ya dole la mzee Shomari. Nikakifuta kwa kitambaa na mate kidogo, hakikutoka, nikakiacha.

Halafu nikaitumbukiza karatasi ya tatu kwenye dawa, na mama yangu akaja.

Alikuja upesi mno. Nyusi, macho, mdomo uliofungwa kama mtu aliyeambiwa asitikisike. Niliitoa, nikaipitisha kwenye maji ya siki ya kusimamisha dawa, nikaitia kwenye dawa ya kugandisha, nikaisuuza, kisha nikakaa sakafuni nikalia. Alikuwa mweupe, mwororo, amejifunga kaniki nyeusi tii, na kile kidoa kilikuwa kimemezwa na weusi wa nguo. Nilifurahi hata kwa hilo.

Saa kumi jioni nilifika nyumbani Nakwa. Baba alikuwa amekaa nje kwenye kigoda. Nikampa picha, maana nilitaka aseme yeye ni nani. Aliileta karibu na pua, akaipitisha mbele ya jicho la kushoto taratibu, kipande kwa kipande, kama anavyotazama kila kitu siku hizi.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Mama."

"Huyu ni mwanamke wa mjini. Wilhelmina alikuwa mweusi, na hapa shavuni alikuwa na alama. Tena mtoto yuko wapi?"

"Mtoto gani?"

"Wewe. Aliniandikia mmepigwa wawili. Alisema mpiga picha alitaka akushushe akakataa." Akanirudishia picha. "Labda Shomari alichanganya bahasha."

Nilichokisema hapo sitaki kukirudia, lakini nitakirudia. Nilimwambia, "Baba, macho yako hayaoni." Nilikisema kwa sauti, mbele ya nyumba yetu, kwa mtu aliyenilea peke yake, akanisuka nywele vibaya mpaka nilipofika darasa la nne. Aliingia ndani akipapasa ukuta.

Sikula. Nililala nimekumbatia picha ya mwanamke wa mjini, nikimchukia, na kumwonea wivu mtu yeyote mwenye mama kwenye fremu ukutani. Kulipokucha nilikuwa na wazo moja tu, kile kidoa. Kama ni alama ya dole, kwa nini hakikufutika?

Nilipiga magoti mbele ya kigoda cha baba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Nisamehe. Karatasi imebaki moja. Njoo unihesabie dakika, mimi nina haraka, nitaharibu."

Alimaliza kwanza chai yake, taratibu, kunitia adabu. Kisha akaomba koti lake.

Nilimkalisha kwenye benchi nje ya chumba cha giza. Julai Babati asubuhi ina baridi, na dawa baridi hulala, kwa hiyo niliiweka sinia ya dawa juu ya beseni la maji ya moto, nikapima kwa kidole mpaka ikawa vuguvugu kama maji ya kumwogesha mtoto. Humo nilikuwa nimekoroga pakiti ya kahawia. Mwanga wa mashine nilizidisha mara mbili ya jana. Kama Basil alisema kweli, ukungu ungeifunika picha yote na jambo lingekuwa limekwisha, maana karatasi ya tano haikuwepo.

"Anza, baba."

Alihesabu kijeshi, kwa sauti moja. Ishirini. Arobaini. Karatasi ilikuwa nyeupe kama nilivyoitoa. Sitini. Nilianza kumlaani Basil na mahindi yake. Tisini, wakati ambao jana nilikuwa nimeshamaliza, palikuwa na kivuli cha kichwa tu, na mkono wangu ukaenda wenyewe kuitoa.

"Bado," baba alisema nyuma ya mlango, kana kwamba aliniona. "Tisini na tatu. Tisini na nne."

Nikaurudisha mkono. Mia na hamsini. Uso ulikuwa unakuja polepole, na ulikuwa mweusi, mweusi kama wangu, na kwenye shavu la kulia palikuwa na alama ndogo ya mviringo ambayo dawa ya haraka ilikuwa imeiosha. Mia mbili. Kaniki ikaanza kuwa nguo, ikapata mikunjo, fundo la mbeleko likaonekana kifuani. Mia mbili na arobaini. Juu ya bega, pale nilipokuwa nimefuta kwa mate, pakatokea kofia ya kufuma, kisha paji la uso, kisha jicho moja lililokuwa linatazama mbele bila woga.

Nilikuwa nimejaribu kujifuta mwenyewe.

"Mia tatu," baba alisema. "Natalia? Mia tatu."

Niliifikisha kwenye siki, nikaigandisha, nikaisuuza, nikafungua mlango. Nilimshika baba mkono nikamtoa barazani penye jua, nikampa picha, Hanifa akasimama na kalamu yake sikioni. Picha ilikuwa inachuruzika maji kwenye suruali ya baba, wala hakujali.

Alianza kwenye kona ya chini, kama kawaida yake. Nguo. Fundo. Akapanda kidogo, akafika shavuni, akasimama. Dole lake likagusa ile alama. Kisha akasogea pembeni, akalitafuta bega, akaliona.

"Alikataa kukushusha," alisema.

"Ndiyo, baba."

Nilikuwa nimetamani uso wake miaka yote, na sasa niliupata, lakini jicho langu halikutoka kwenye ule mgongo. Nilikuwa nimebebwa. Nilikuwa na mama na alinibeba mpaka mjini na kurudi, na mzee mzima wa studio hakuweza kumtenganisha nami. Nililia palepale mbele ya wateja, na safari hii sikukaa chini.

Baba aliigeuza picha, akaupapasa mgongo wake mweupe.

"Una kalamu?"

Hanifa akatoa yake sikioni akanipa.

"Hapa nyuma niandikie barua," baba alisema. "Mwambie mama yako imefika."

Karatasi ilikuwa bado mbichi, wino ukawa unatawanyika, lakini niliandika.