Njia Ndefu ya Ezra

Ezra Lubega alitoka Masaka, akavuka mipaka miwili, akashuka Tarime miguu imemvimba, na yote hayo kwa sababu kuna mtu alimwita bepari redioni.

Aliyemwita hivyo ni Machage, mzee wa Kemambo, askari mstaafu wa vita vya Kagera. Siku ya Mashujaa mtangazaji mmoja alimfuata nyumbani, akamwomba asimulie vita. Na mzee ukishamuuliza habari za ujana wake, ulimi wake hauna breki. Machage alitaja mvua, akataja njaa, akaimba nyimbo mbili za mchakamchaka, kisha akacheka na kusema, "Tulikuwa na Mganda mmoja, Ezra, wa kutuonyesha njia. Bepari wa kutupwa! Tulikuwa upande mmoja, lakini mimi sikuwa nalala mpaka yeye alale kwanza. Siku moja alituzungusha milimani kutwa nzima, na hadi leo sijui kwa nini." Maneno yale yakaingia kwenye simu za watu, yakavuka ziwa, yakamkuta mwenyewe.

Basi alasiri moja pikipiki ilisimama mbele ya mji wa Machage, akashuka mzee mrefu aliyevaa kanzu nyeupe na koti jeusi juu yake, kama Waganda wanavyovaa wakiwa na jambo zito.

"Machage ni nani hapa?" akauliza.

Machage alikuwa anakaza mpini wa jembe. Aliinua macho. Uso ule ulikuwa umekunjamana na meno yalikuwa yamepungua, lakini shingo ilikuwa ile ile. Shingo ndefu iliyokuwa ikichomoza juu ya handaki kila mara, hata wenzake wakamwomba Mungu adui asiione.

"Mura," alisema taratibu, kama Wakurya wanavyomwita kijana, jembe likimponyoka. "Wewe hukufa?"

"Ningekufaje na wewe hujaniomba radhi?"

Wakakumbatiana, wakaachana, wakatazamana, wakakumbatiana tena. Robi, mke wa Machage, alitoka jikoni akipangusa mikono kwenye khanga. Alikuwa ameolewa miaka mitatu baada ya vita, na jina la Ezra alilijua kama anavyojua majina ya mito ya kwao.

"Shikamoo, shemeji," alisema. "Kumbe una sura ya mtu mwema. Niliyesimuliwa mimi ni mwingine kabisa."

"Marahaba, shemeji. Huyu alikusimulia nusu. Nusu nyingine nimekuja nayo."

Robi alichinja kuku, akapika na ndizi za Tarime, maana alisikia Waganda bila ndizi hawashibi. Wale wazee wakakaa kivulini nyuma ya nyumba, na vita vikaanza upya.

Ilikuwa hivi. Mwaka ule wa vita, baadhi ya wakimbizi wa Uganda waliokuwa wakiishi Tanzania walichukua bunduki ili warudi kwao pamoja na jeshi letu. Adui yao na wetu alikuwa mmoja, Nduli aliyetawala Uganda, lakini zaidi ya hapo hapakuwa na jambo waliloafikiana. Machage alikuwa kijana wa Umoja wa Vijana, Azimio la Arusha amelihifadhi kama Baba Yetu. Ezra alikuwa mtoto wa muuza duka, mtu wa Kabaka na kanisa, na aliamini mtu halali ni yule mwenye kitu chake. Machage alipomwita "Ndugu", alijibu, "Ndugu yangu nilizaliwa naye. Mimi niite Lubega." Kamisaa wa siasa akamvuta Machage pembeni akamnong'oneza, "Huyo tumia miguu yake, maneno yake achana nayo." Nao kina Ezra, wakiwa peke yao, waliulizana kwa Kiganda kama hawa Watanzania watarudi kwao vita vikiisha, au watawaachia wenyeviti wa vijiji vya ujamaa hadi Kampala.

"Ulikuwa unalala na buti," alisema Machage.

"Nilikuwa nakuogopa. Wewe ulikuwa unalala na mkono kwenye bunduki."

"Nilikuwa nakuogopa pia."

Walicheka mpaka Ezra akakohoa. Lakini hata walivyokuwa wakiogopana, handaki lilikuwa moja na blanketi moja, na mvua ya Machi haikuuliza nani mjamaa na nani bepari. Machage aliikumbuka harufu ya blanketi lile, ya jasho na moshi na ndizi mbichi zilizochomwa. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili wakati ule. Aliamini dunia itanyooshwa, na kwamba yeye ni mmoja wa watakaoinyoosha. Tangu hapo amepata mke na watoto na ng'ombe, lakini imani ya namna ile hakuipata tena.

"Sasa tuje kwenye njia," alisema.

Ezra aliweka sahani chini.

"Njia ya chini ilikuwa fupi," Machage aliendelea. "Nilikuja kuiona baadaye, tukiwa kwenye magari. Barabara nzuri, haina kitu. Wewe ukatupandisha mlimani kwenye mvua, tukalala njaa. Kulikuwa na nini huko chini?"

"Duka la mama yangu."

Robi, aliyekuwa anakusanya vyombo, alisimama.

"Unakumbuka tulipokuwa tunasubiri kuvuka mto?" Ezra aliuliza. "Ulitusomea siasa. Ukasema tukifika Masaka, maduka yote yatakuwa ya ushirika, na wenye maduka watashika jembe kama watu wengine. Ulisema ukicheka. Mimi sikucheka. Nilimwona mama ameshika jembe, na wewe umesimama nyuma yake unaimba."

"Yalikuwa maneno tu, mura. Maneno ya kijana."

"Na mimi nilikuwa kijana. Niliyaamini. Sikumkuta mama lakini. Alikuwa ameshakimbilia porini. Na duka lilikuwa limevunjwa na askari wa Nduli walipokuwa wanakimbia. Niliwazungusha kwa ajili ya nyumba tupu."

Upepo ulileta vumbi kutoka upande wa Kewanja, kwenye vilima vya mawe yaliyochimbuliwa mgodini. Ezra akajipangusa uso.

"Lakini sikuja kwa hilo, wala kwa ajili ya bepari. Nimekuja kuuliza. Kamanda alipotaka kujua kwa nini tumechelewa, nilijua nimekwisha. Ulikuwa umenitilia shaka tangu mwanzo, na siku hiyo ulikuwa na haki. Ukasema mvua imekata daraja. Daraja gani, Machage? Hapakuwa na daraja. Miaka yote hii najiuliza. Kwa nini hukunisema?"

Machage aliokota kijiti akachora chini, akafuta, akachora tena.

"Kule juu ulisimama," alisema hatimaye. "Wenzetu walikuwa wamelala kwenye majani, wamechoka. Wewe ulisimama unatazama bonde. Kulikuwa na bati moja linang'aa katikati ya migomba. Ukavua kofia, na mvua inanyesha. Nikajua kwamba pale kuna mtu wako. Na nikajua unatuficha."

"Ulijua?"

"Nilijua. Redioni nilisema sijui kwa sababu kujua kwangu kulikuwa na habari nyingine nyuma yake." Alimtazama mkewe, kisha akatazama pembeni. "Mwaka wa kuhamia vijijini, mama yangu alikuwa anakaa kule mtoni, peke yake, nyumba nzuri ya udongo aliyoijenga na baba. Agizo likaja, watu wote wasogee barabarani. Mimi nilikuwa kijana wa chama. Niliona aibu mama yangu awe wa mwisho kuhama. Nikapanda mwenyewe juu ya paa, nikang'oa miti, nikaibeba begani huku naimba. Mama alikaa juu ya jiwe lake la kusagia. Hakunisalimia mpaka mavuno yaliyofuata."

Robi alikaa chini palepale, vyombo mapajani. Alikuwa amemzika yule mama kwa mikono yake, na jambo hili hakuwahi kulisikia.

"Basi ulipovua kofia," alisema Machage, "niliona wewe umefanya ambalo mimi sikulifanya. Ningekusemaje?"

Ezra akaunyoosha mkono akaushika wa mwenzake, wakakaa hivyo kama watoto, wakitazama kuku wanavyochakura.

"Ndugu," alisema Ezra.

Asubuhi walishuka mtoni, fimbo mkononi, wakisimama kila mara kupumzika na kubishana. Ezra alisema ujamaa ulikuwa ndoto ya watu wasiojua hesabu. Machage akamwuliza na hao wenye hesabu wamewafikisha wapi, huko Uganda na hapa Tanzania. Ezra alikubali kwamba siku hizi, akiwaona wajukuu wanavyochekana kwa sababu ya viatu, huwa anawakumbuka wale vijana waliogawana sigara moja watu wanane.

"Ulituona wajinga," alisema Machage.

"Niliwaona wajinga. Na niliwaonea wivu."

Mahali ilipokuwa nyumba ya mama yake Machage sasa palikuwa shamba la mahindi. Hapakuwa na alama yoyote ila mkonge mmoja mzee na udongo uliokuwa mwekundu zaidi ya pembeni. Machage alisema ni hapa, au labda pale, miaka imekuwa mingi.

"Mlango ulitazama wapi?" Ezra aliuliza.

Swali hilo hakuna aliyewahi kumwuliza. Machage alifumba macho. Alimwona mama anainama kutoka nje na ungo, jua la asubuhi likimpiga usoni, mkono ukienda kwenye paji.

"Huku," alisema, akageukia mashariki. "Alikuwa anapenda kuliona jua kabla ya watu."

Ezra alitembea taratibu katikati ya mahindi, akasimama alipodhani ndipo penye mlango. Akavua kofia. "Hodi, mama," alisema.

Machage akaja akasimama karibu naye. Alitaka kuitikia kwa niaba ya mama, ikashindikana. Wakabaki pale wawili, jua likipanda usoni mwao, mpaka sauti ya Robi ikasikika kutoka juu, inawaita wakanywe uji.