Dirisha Jekundu la Kanze

“Mwenzangu, huyo pepo wako ni wa kabila gani?” Nyamvula alimwuliza Kanze siku moja kisimani, mbele za watu, naye Kanze akacheka, akidhani ni mzaha wa jirani.

Kumbe kijiji kizima cha Utange kilikuwa kikilitazama dirisha lake kila jioni, linavyowaka jekundu, na kunong’ona kwamba mjane yule wa kanisani ameanza kupunga pepo.

Wiki moja kabla ya Pasaka ya mwaka wa arobaini na saba, Mzee Ngumbao, mzee wa kanisa, alipiga hodi, Nyamvula nyuma yake.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Mama, nimekuja na neno zito. Ikiwa una mambo ya pepo, Jumapili hutapiga magoti mezani pa Bwana.”

Miezi minne goti la Kanze la kulia lilikuwa limekataa kukunjika, akipokea mkate amesimama kama mgeni. Kupiga magoti Pasaka hii ndiko alikokuwa akikuomba. Akawakaribisha ndani. Mezani taa ya karabai ilikuwa ikinguruma, kiti cha Kanze mbele yake.

“Absalom, dresa, yule mfunga vidonda wa hospitali kule kisiwani, alisema goti limelika kwa umri. Wao wana taa ya umeme ya kulipasha moto. Mimi akaniambia hata karabai itafaa, nikae nusu saa, shubiri mbili mbali nayo. Haiponyi, mzee. Yanipumzisha tu.”

“Na kitambaa chekundu dirishani?” Nyamvula akadakia. “Si ndiyo rangi yao hao pepo?”

“Ndicho nilichokuwa nacho. Ulitaka nikae paja wazi, mjane mimi, nanyi mwapita njiani?”

Mzee akakohoa, akatazama kando. “Hebu piga magoti usali, mama.”

Kanze akashika ukingo wa meza, akashuka polepole, goti likialika kama kuni kavu. Akasema Baba Yetu mpaka amina. Kuinuka ndiko kulikomshinda. Mzee akanyoosha mkono, lakini Nyamvula alikuwa ameshamshika kwapani.

“Jumapili uje,” mzee akasema.

“Mbona hukuniambia waumwa hivi?” Nyamvula aliuliza, sauti chini.

“Wapita hapa kila jioni, Nyamvula. Siku gani uliingia?”

Nyamvula akamketisha kitini, akakisogeza kiti karibu na taa, akajifunga leso yake vizuri, akatoka.