Kimfuko cha Manjano

Wifi yangu ni fundi rangi. Anashinda juu ya ngazi tangu asubuhi hadi jioni, kwa hiyo kwake mlima ni ngazi nyingine tu, tena isiyotikisika. Mimi ni fundi wa nguo. Kazi yangu naifanya nimekaa, na nikisimama ni kumpima mtu kiuno. Sasa niambie ni nani kati yetu aliyekuwa na akili timamu siku tulipoamua kupanda mlima pamoja.

Wazo lilikuwa lake. Tangu aliponipa figo yake moja nilikuwa namtafutia njia ya kumshukuru, naye ananikwepa. Figo ya mume wangu, ambaye ni kaka yake, haikunifaa. Wifi hakungoja kuombwa. Aliingia wodini na viatu vyenye madoa ya rangi, akamwambia daktari, "Nipimeni mimi." Nilipopona nikamshonea gauni, akalivaa kazini na kulimwagia rangi ya mlango. Nikianza tu, "Wifi, sijui nikwambie nini," ananikatiza, "Basi usiniambie." Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na shukrani iliyonikwama kooni inaniudhi kuliko tusi. Mwishowe akachoka nami.

"Daktari si amesema utembee? Twende mlimani. Tukifika kileleni nitakusikiliza mpaka uchoke."

Mtu aliyewekewa figo ya mwenzake hunywa dawa kila siku bila kukosa, la sivyo mwili unaigeuka ile figo na kuikataa. Dawa zangu hazipatikani duka la jirani. Zinaagizwa mbali, na huchelewa kufika. Mimi kwa kujifanya mjanja nikazibeba zote, nisije nikasahau ipi ni ipi. Nikazishonea kimfuko cha kitambaa cha manjano, nikakijaza pamba ili vichupa visigongane, nikakining'iniza nje ya begi nikione muda wote. Kilitoka kimenona vizuri.

"Hicho nini, wifi? Embe?" akaniuliza.

"Wewe paka rangi. Ushonaji niachie mimi."

Njia ilianza kwa upole, kisha ikatuonyesha rangi yake halisi. Nilipumzika kwenye kila jiwe lililokuwa na sura ya kiti. Magoti yananilalamikia, nami namlalamikia wifi. Yeye anatangulia, anageuka, anacheka, ananirudia. "Pole pole, Bi Cherehani. Kilele hakina miguu, hakikimbii." Nilipokataa kabisa kuinuka, tukakaa kivulini, begi likiwa pembeni yangu.

Sikusikia hatua wala pumzi. Nilichosikia ni kamba kukatika. Mshono wangu haukuachia, naomba hilo lieleweke. Ni kamba ndiyo iliyokatika. Nikageuka nikamwona nyani jike, mkubwa, anaruka juu ya mwamba na kimfuko changu mkononi. Akakaa kitako, akakigeuza huku na huku, akakiuma.

"Wifi! Dawa!"

Wifi alikuwa ameshaokota jiwe. Mkono wake naujua, humrushia msaidizi wake brashi juu ya paa na haikosei. Akaunyanyua. Halafu akaganda.

"Tupa!"

"Ana mtoto," akasema.

Nikatazama. Chini ya tumbo la yule jike kulikuwa na kitoto kimejishikiza kwenye manyoya, masikio mapana, kinatukodolea macho.

"Potelea mbali mtoto wake! Tupa, wifi, nitakufa mimi!"

Akaliweka jiwe chini taratibu. Sitaficha, dakika ile nilimchukia. Mtu amenipa figo yake, sasa anaiacha ife kwa ajili ya nyani.

Yeye akafungua begi lake, akatoa chakula chetu chote, mkate na mayai ya kuchemsha, akakisogeza mbele kwenye nyasi. Kisha akarudi nyuma, akaninyamazisha kwa kidole, akachuchumaa.

"Haya, mama," akamwambia yule nyani kwa sauti ya chini. "Hicho hakiliwi, ni kichungu. Chukua hiki. Unanyonyesha wewe."

Nyani alikuwa na pamba mdomoni. Akaitema. Akayatazama mayai, akatutazama sisi, akaona hasara iko upande gani. Akakiachia kimfuko, akashuka, akazoa chakula akakijaza mashavuni, kisha akatokomea vichakani na mwanawe tumboni.

Nilipanda ule mwamba kwa magoti. Kitambaa kilikuwa kimeraruka, kizibo kimoja kina alama za meno, lakini vichupa vyote vizima. Nikanywa dawa ya siku ile huku machozi yakinitiririka. Machozi yalipokauka, hasira ikarudi.

"Ungempata. Kwa nini hukutupa?"

Wifi alijifuta mikono kwenye suruali kwa muda mrefu. "Ningempata mtoto pia. Wewe unajua mimba zangu ziliishia wapi."

Nilijua. Ukoo mzima ulijua, ndiyo maana hakuna aliyethubutu kulitaja.

"Kila moja niliipangia jina, na hakuna aliyetoka mzima," akasema. "Halafu madaktari wakatoa kitu tumboni mwangu. Nikaamka, nikauliza, wakaniambia kinaishi, kinafanya kazi vizuri. Nililia kwa furaha peke yangu pale kitandani. Sasa wewe unanifuata na magauni yako unataka kunishukuru. Nitazipokeaje shukrani zako, wifi, na wewe ndiye unayenilelea mwanangu?"

Nilimpenda mpaka kifua kikaniuma.

Akainuka, akaangalia juu, akaniangalia mimi. "Turudi. Umechoka, na chakula kimekwenda."

Nikamshika mkono, ule wenye rangi ya madirisha ya watu chini ya kucha, nikauweka tumboni pangu, chini kulia, penye kovu. Ukatulia hapo.

"Asante," nikasema. Safari hii hakunikatiza.

Kisha nikavaa begi langu, kimfuko nikakifunga ndani.

"Harudi mtu hapa," nikamwambia. "Tumfikishe kileleni."

Na nikatangulia mimi.