Kila Mtu na Mlango Wake

Chumba kipo. Nalisema mapema ili mtu asinisikilize roho ikiwa mkononi. Chumba cha mbele cha Mama Vifungo, chenye cherehani mbili na dirisha linalotazama barabara, kimesimama mpaka leo, na ukipita pale asubuhi utaisikia cherehani ikikoroma. Ila kuna wiki moja mama wa watu alikonda kama mgonjwa, na waliomkondesha hawakuwa maadui. Walikuwa majirani zake, tena wenye nia njema, na walikuja na ndoo ya chokaa.

Mtaa wao unateremka. Mvua ikinyesha, maji yote ya juu hukimbilia chini na kuingia majumbani bila hodi. Miaka nenda miaka rudi watu walipanga magunia ya mchanga milangoni na kulaumiana, mpaka Umoja wa Mtaa, chini ya mwenyekiti wao Kinyozi, ulipoipigia magoti halmashauri, na halmashauri ikakubali kuleta mawe na saruji ya kujengea mtaro. Sharti ni kwamba wakazi wachimbe wenyewe, na mstari wa kuchimba uwe umekubaliwa na wote kabla lori halijaja. Na nani alipiga kelele kuliko wote kwamba mtaro uchimbwe? Mama Vifungo huyohuyo. Nyumba yake ni ya mwisho kule chini, upande wa kulia ukishuka, na maji yalikuwa yakimalizia safari chumbani kwake, juu ya vitambaa vya wateja.

Na chumba chenyewe ndicho kilichomweka mjini. Mumewe ni dereva wa lori la masafa marefu, mtu mwema, lakini akirudi huleta hadithi nyingi kuliko unga. Ada za watoto, chakula, dawa za mama mkwe aliyekuwa akiishi naye, vyote vilipita chini ya sindano ya cherehani. Bila chumba cha barabarani hakuna mteja, na bila mteja ndiyo basi tena.

Sasa Umoja ule una desturi yake. Zamani nyumba mbili ziligombania shimo la taka mpaka zikaacha kuzikana. Ili aibu ile isirudi, ikapitishwa kwamba hakuna mtu wa kuamua mlangoni kwa mwenzake. Kila mtu na mlango wake. Ikija taa ya barabarani, mwenye mlango ndiye anayeonyesha isimame wapi. Ukipandwa mti, yeye ndiye anayechimba shimo. Na tusiseme uongo, desturi hiyo iliwafaa, watu wakasalimiana tena.

Basi hata siku ya kupima mtaro wakafuata hivyohivyo. Ulikuwa umeamuliwa upite upande wa kushoto, kwa hiyo kila mwenye nyumba wa kushoto akapewa kigingi akipigilie mbele ya mlango wake, akikilenga kigingi cha jirani wa juu yake. Kinyozi akawa anafuata nyuma na chokaa, anaunganisha kigingi na kigingi.

Muuza Mkaa, wa kwanza kule juu, alisimama kwenye nguzo ya umeme, akatazama magunia yake, akasogeza kigingi kidogo tu kuelekea barabarani. Wa pili akalenga kile cha kwanza, naye akasogeza kidogo kwa ajili ya karo lake la kufulia. Wa tatu ana baraza. Wa nne ana banda la kuku. Huo haukuwa wizi, ni upana wa kiganja, na nani atamnyima jirani kiganja? Isitoshe, adabu ya mtaa haikuruhusu kumwambia mtu mlangoni pake kwamba kavuta. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe kikaja kumwagwa kwa Mama Vifungo.

Yeye alikuwa ndani, anashona sare za shule. Alisikia nyundo inashuka mlango kwa mlango, akafurahi, hata akaimba kidogo. Nyundo ikazidi kukaribia mpaka akashangaa, mbona iko hapahapa? Akatoka. Fundi Baiskeli, mwenye nyumba ya mwisho ya kushoto, alikuwa amechuchumaa katikati ya barabara na kigingi chake, uso umemshuka. Mstari wa chokaa ulikuwa umekuja mshazari tangu juu, umevuka barabara, na kwa kuwa hapo barabara inabana, umekwenda kugonga ukuta wa Mama Vifungo chini ya dirisha. Kinyozi aliutazama ukuta. Halafu, kwa kuwa ni mtu wa kumaliza kazi, akazunguka nyumba na ndoo yake akaendelea kuchora upande wa pili.

Mama Vifungo akamfuata akamuuliza hii ni nini.

"Ndio mstari, mama," Kinyozi akasema bila kumtazama. "Kila mtu kapigilia kwake. Mimi nimeunganisha tu."

Tangu hapo usingizi ukahama. Mkutano wa kupitisha mstari ulikuwa Jumapili, lori lije Jumatatu, na mstari ukishapita kwenye mkutano chumba ni cha kuvunjwa. Alishona sare mikono mirefu mahali pa mifupi, akafumua, akashona tena vilevile. Hasira ilimjaa. Akajiambia yuko mtu mmoja tu aliyeupinda mstari ule, na yeye atamjua, na siku hiyo mtaa utajua kwamba mshonaji ana mdomo.

Asubuhi moja akapanda mtaa taratibu, akipima kila kigingi kwa macho, na macho ya mshonaji hayahitaji futi. Alitaka mwizi, akakosa mwizi. Kwa huyu kiganja, kwa yule kiganja. Utamtukana mtu kwa kiganja? Mpaka alipofika kwa wifi yake, dada wa mumewe, katikati ya mtaa. Hapo hapakuwa na kiganja. Kigingi kilikuwa kimeruka hatua nzima, kikizipisha ngazi mpya za vigae vyekundu ambazo wifi alizijenga mwaka ule na kuzipiga deki kila asubuhi. Wifi mwenyewe alitoka na ufagio, akamwona, akageuka akarudi ndani kama aliyesahau kitu jikoni. Kikulacho ki nguoni mwako. Kilimuuma hicho kuliko chokaa iliyo ukutani.

Nyumbani alimweleza mama mkwe, na hapo palikuwa pagumu, maana mmoja ni mke wa mwanawe na mwingine ni binti yake wa kumzaa. Bibi akasema asiulizwe yuko upande gani, yeye ni mzee, anataka chai yake. Baada ya muda akaongeza kwamba yule binti tangu utotoni ukimpa kona ya kitanda hutwaa godoro.

Jumapili ikafika. Walikutana mbele ya kibanda cha Kinyozi, wamekaa kwenye viti vya wateja na mabenchi ya kuazima. Wifi alikaa mwisho kabisa, karibu na mama yake. Watu walikuwa na huruma mpaka inachosha. Mmoja akasema atajitolea matofali, mwingine atabeba mchanga, Fundi Baiskeli akaahidi bati, ili Mama Vifungo ajengewe chumba kingine uani, pale karibu na choo. Yeye akawa anawaza ni mteja gani atazunguka nyumba ya mtu, apite choo, aende kupimwa kiuno. Kinyozi akauliza kama yuko mwenye neno juu ya kigingi kilicho mlangoni kwake. Upande wote wa kushoto ukasema hakuna. Akauliza mara ya pili, kama desturi inavyotaka, hakuna. Hapo Mama Vifungo akasimama. Alikuwa amekuja na matusi ya kutosha mtaa mzima na yakabaki, lakini alipofungua mdomo yakamkimbia yote.

"Mimi nauliza tu," akasema. "Kila mtu na mlango wake, sawa. Kigingi changu kiko wapi? Sikupewa, kwa sababu mtaro haukuwa wa upande wangu. Sasa umekuja. Mlangoni kwangu mimi, nani alisimama?"

Kinyozi akajikuna kichwa. Fundi Baiskeli akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Walikuwa wameijivunia desturi yao miaka yote, na hapakuwa na hata mmoja aliyeona kwamba asiye na kigingi hana pa kusemea.

Muuza Mkaa, kutaka kuokoa hali, akashauri wapigilie upya, ila safari hii kila mtu apigilie kwa jirani yake. Wazo likapendwa, wakatoka wote juani na nyundo. Ee bwana! Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Kila mtu akawa mkali mlangoni kwa mwenzake kama polisi wa barabarani. Kigingi cha Muuza Mkaa kilitua katikati ya magunia yake. Mwenye karo akawekewa chake ndani ya karo. Kwa mwenye kuku kiliingia bandani, na jogoo akatoka kulalamika. Kwa wifi, jirani wa chini alipanda ngazi zote akakiegemeza kigingi kwenye kizingiti, kwa kuwa vigae havipigiliki. Mwenye baraza akauliza kama wanakusudia kumchimbia mpaka kitandani. Mtu mmoja akacheka. Wa pili akacheka. Kicheko kikateremka mtaa mzima, mpaka Mama Vifungo mwenyewe, ambaye wiki nzima hakuonyesha jino, akajishika mbavu.

Kinyozi akaketi juu ya ndoo ya chokaa akafuta machozi. Akasema amenyoa vichwa maisha yake yote na hajawahi kumpa mteja mashine ajinyoe mwenyewe, wala kumpa mteja amnyoe mwenzake, na leo ameyaona matokeo ya yote mawili. Akataka ivutwe kamba moja, kutoka nguzo ya umeme ya juu mpaka nguzo ya umeme ya chini, na katikati mtu asiiguse.

"Hiyo sawa," mama mkwe akasema kwa sauti. "Nguzo haina wifi wala shemeji."

Baada ya kusema hivyo akaenda kwa bintiye, akapanda zile ngazi polepole, akaingia kukaa kivulini.

Kamba ikafungwa juu, ikateremshwa, ikakazwa chini mpaka ikalia. Mama Vifungo aliogopa kutazama. Akasimama mlangoni kwake kaupa mtaa mgongo, mpaka aliposikia Fundi Baiskeli anamwita, njoo uone, mama. Akageuka. Kamba ilipita ng'ambo ya barabara, upande wa kushoto, mbali na ukuta wake, mbali kabisa. Kati ya kamba na dirisha lake mkokoteni ungepita na mwenye mkokoteni akasalimia. Akaketi kizingitini, akalia kwa raha, na hakuna aliyemkataza.

Lakini mambo yalikuwa hayajaisha. Kamba haikuwa na kiganja cha mtu. Kwa Muuza Mkaa ilitaka magunia yasogee, kwa mwenye karo ilitaka karo lipunguzwe ukingo, nao wakakubali kwa aibu. Kwa wifi ililala juu ya ngazi. Ngazi zote ziondoke. Kinyozi akasimama pale akasema, kwa sauti ya kuomba, kwamba leo wameivunja desturi na kusimama mlangoni kwa kila mtu, na mwenye mlango akisema hapana, kamba itakunjwa. Watu wote wakamtazama wifi. Mama Vifungo akainuka, akapanda mpaka pale, machozi hayajakauka. Angesema nini? Mlango haukuwa wake.

Wifi alivitazama vigae vyake. Akaingia ndani kwa mlango wa uani. Watu wakaanza kutazamana. Akatoka na nyundo na patasi, akapiga magoti kwenye ngazi ya chini, akaitia patasi chini ya kigae cha kwanza.

"Mimi nitapanda hata kwa tofali, wifi," akasema bila kuinua uso. "Wewe ungeshonea wapi?"

Mama Vifungo akapiga magoti pembeni yake. Hakuna aliyeomba radhi wala aliyedai kuombwa. Mmoja alibandua, mwingine akapokea kigae, akakifuta vumbi kwa pindo la gauni, akakipanga pembeni kisivunjike. Vilitoka vizima vingi. Vijana wa mtaa wakamalizia matofali kwa sururu, na muda si muda mahali pa ngazi pakabaki pengo na mlango ukining'inia juu kama dirisha. Watu wakashangilia. Mama Vifungo akavuta pumzi, na pumzi ikaenda mpaka chini kabisa, kwa mara ya kwanza tangu siku ya chokaa.

Ndipo mama mkwe akatokea mlangoni. Akatazama chini, akawatazama wale wawili wamejaa vumbi kichwa mpaka miguu.

"Haya, mmepatana, vizuri," akasema. "Na mimi mnanishushaje?"

Mlango wa uani ulikuwa wazi, na yeye aliujua, lakini hakutaka kuzunguka. Basi wifi akaja upande huu, Mama Vifungo upande ule, bibi akawawekea mikono mabegani, mmoja kila bega, wakamteremsha hewani polepole wakicheka, na yeye akiwagombeza wote wawili kwa jina moja, wanangu, wanangu, mtaniangusha.