Mwanamke wa Roshani

Kabla hujagusa kabati la baba mkwe wangu unaosha mikono, unaikausha, halafu unamwonyesha. Zamani alikuwa anaitazama. Siku hizi anaishika, ananusa vidole, ndipo anasema, "Haya, pita." Ndani zimo diski sitini na tatu, zote blurei, zile za picha safi kabisa, zote sinema za zamani zilizosafishwa upya, kila moja kwenye kava lake. Diski unaishika kwa ukingo, kama sahani iliyotoka motoni. Binti yangu wa miaka miwili ameshajifunza; hata biskuti anazishika kwa ukingo.

Mtaani wanamwita Mzee Zima-Taa. Miaka ishirini na sita aliendesha projekta kwenye jumba la sinema, na mpaka leo hawezi kutazama kitu chumba kikiwa na mwanga. Mchana kweupe tunatundika blanketi dirishani. "Zima taa!" anaamuru. "Tima taa!" binti yangu anadakia, na wote wawili wanatulia wakiwa wameridhika kabisa na kazi yao.

Tatizo ni macho. Daktari alituchorea kwenye karatasi: doa jeusi katikati. Pembeni anaona, katikati hamna kitu. Akikutazama usoni anaona masikio yako. Jicho la kushoto limekwisha, la kulia linafuata, na dawa ya kulirudisha haipo.

"Kama kuna kitu anataka kukiona," daktari aliniambia kwa sauti ya chini, "akione sasa."

Kitu kilikuwepo kimoja, na baba mkwe alitusimulia siku hiyohiyo tulipotoka kwa daktari. Mama mkwe wangu sikumkuta. Alifariki mume wangu akiwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, na mwaka uliofuata mto ulifurika, maji yakaingia ndani, yakaondoka na picha zake zote. Mume wangu hajui sura ya mama yake. Lakini wazazi wake walipokuwa wamefunga ndoa juzijuzi tu, watu wa sinema walikuja kupiga picha kwenye barabara yao, wakamwomba mama mkwe aanike shuka kwenye roshani wakati shujaa anapita chini. Sekunde kumi na moja. Sinema ilipotoka, baba mkwe aliionyesha wiki saba mfululizo, mara tatu kwa siku, akimwangalia mkewe akianika shuka.

"Baba, si ile nakala ipo kabatini?" nilimwambia. Mume wangu alikuwa ameinunua gengeni kabla hajanioa, diski ya kawaida, ya wizi, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito.

"Ile? Imejaa mvua ile." Mvua ni mikwaruzo inayoshuka kwenye picha. "Mke wangu simtazami kwenye matope, mama. Wataisafisha. Hizi zote wamezisafisha, watakosaje hiyo?"

Na kweli, wakaisafisha. Tangazo nililiona mimi mwenyewe kwenye simu, nikimsubiri mwalimu wa darasa la jioni, nikapiga yowe mpaka mwenzangu wa dawati akadhani nimefiwa. Nilisoma kila neno: imetolewa kwenye filamu ya asili, kamili, haikupunguzwa hata dakika moja. Mtaalamu, muuza diski wa pale kona, akatuagizia.

Kabati lilikuwa limejaa pomoni. Wiki tatu kabla ya mzigo kufika nikauliza, "Baba, hii nakala mbovu nimpelekee Mtaalamu, tupate nafasi?"

"Takataka hiyo? Ipeleke hata sasa hivi."

Nikaipeleka. Mahali ilipokuwa nikapafuta vumbi kwa kitambaa chenye maji.

Siku ya siku baba mkwe alivaa shati la mikono mirefu na kuchana nywele. Mume wangu alikuwa kazini, anaendesha kreni kwenye ujenzi, akasema tusimsubiri. Baba mkwe akavuta kiti hadi pua inakaribia kugusa skrini, uso kaugeuza upande, maana ndivyo anavyoona, kwa pembe ya jicho. Blanketi likapanda. Taa ikazimwa, mara mbili.

Picha ilikuwa safi hadi unahesabu vifungo vya koti la mtu.

"Shujaa akishawasha sigara," alisema, "hesabu nne."

Akawasha. Nikahesabu. Barabara ikajaa skrini, pana, nyeupe kwa jua. Juu kabisa, kwenye ukingo wa picha, vilionekana vyuma vya roshani, ncha ya shuka inayodondosha maji, na miguu miwili ndani ya kandambili. Basi. Shujaa akapita, barabara ikaondoka.

"Umemwona?" aliuliza. "Mimi nimeona weupe, lile shuka. Kacheka? Hapo huwa anacheka."

Nilichukua rimoti, nikarudisha. Nikarudisha tena. Nilijua hakuna kitakachobadilika, lakini mkono haukusikia.

"Mama, mbona kimya?"

"Baba, naona miguu."

"Miguu ya nani?"

"Yake, nafikiri. Picha inaishia magotini."

"Kandambili ni kubwa?"

"Kubwa. Visigino havifiki hata nyuma."

"Zangu hizo," alisema. "Aliniibia asubuhi ile. Mimi nilikwenda kazini na viatu vya harusi."

Alicheka peke yake, kisha akainuka, akapapasa kwenye droo akatoa bamba dogo la chuma lenye tundu la pembe nne. Akaniwekea mkononi. Pande tatu za tundu zilikuwa laini. Upande wa juu ulikuwa na alama za meno ya tupa.

"Hili linakaa ndani ya projekta," alisema. "Kwenye filamu yenyewe picha ni ndefu kwenda juu. Bamba linaficha juu na chini, watu waone kile tu alichotaka mwongozaji. Sasa siku ya kwanza naionyesha, naona miguu. Mke wangu mzima, mwenye mwanya na kishimo cha shavu, mimi nauonyesha mji miguu! Nikachukua tupa."

"Ukapanua tundu."

"Nikapanua hadi akatokea. Na maiki nayo ikatokea! Kila watu wakizungumza chumbani, maiki inaning'inia juu ya vichwa vyao kama popo. Watu walicheka wiki saba, kwenye sinema ya huzuni. Meneja ananifokea, mimi namwambia ndivyo filamu ilivyokuja."

"Kwa hiyo hawa walioisafisha wamekosea."

"Hawajakosea, mama. Wamekata palepale panapotakiwa. Aliyekuwa anakosea ni mimi. Nimekosea kwa raha hadi nikasahau kama ni kosa."

Lakini mimi nilikuwa nimebaki kwenye maiki.

Maiki ile nilishaiona. Miezi mingi nyuma, binti yangu akiwa na homa, niliweka ile nakala mbovu ili atulie, kabla sijajua habari ya roshani wala shuka. Picha ilikuwa ya mraba, imejaa mvua, na ndani yake maiki ilikuwa inaning'inia juu ya vichwa vya watu. Nilicheka peke yangu. Aliyeiiba ile sinema hakuficha kitu. Aliichukua picha yote, juu hadi chini. Na kulikuwa na mwanamke anaanika shuka. Nilimtupia jicho, nikainama kumpangusa mtoto makamasi. Nilipoinua uso, barabara imeshaondoka.

Sikumaliza kufunga kanga vizuri. Mtoto mgongoni, mpaka kona.

"Mtaalamu, ile diski niliyokuletea iko wapi?"

"Ile iliyoandikwa kwa mkono? Mama mtoto, ile hata deki yangu iliionea aibu! Nimempa bi mkubwa, anafukuzia ndege bustanini. Kwani vipi?"

"Nipeleke."

Aliniangalia usoni, akafunga duka.

Nyuma ya nyumba ya mama yake, juu ya matuta ya mboga, diski zilikuwa zimetungwa kwenye kamba, moja moja, zinazunguka na kurusha mwanga kila upande. Binti yangu alipiga makofi. Tulizigeuza mojamoja, mimi, Mtaalamu na bi mkubwa, ambaye alikuwa akisema, "Jamani, ningejua, ningejua." Ya thelathini na kitu ilikuwa na mwandiko wa mume wangu. Jua lilikuwa limeila wiki tatu. Ule mng'aro ulikuwa umebanduka kwa vipande, na nilipoiinua niliona kidole changu upande wa pili.

Nyumbani niliiosha kwa sabuni. Nikaifuta kutoka katikati kwenda ukingoni, kama nilivyofundishwa. Deki ikaimeza, ikakoroma, ikaandika: Hakuna diski. Nikaitoa, nikaipuliza, nikairudisha. Hakuna diski. Mtaalamu akaja na deki yake, kisha na kompyuta ya rafiki yake. Hakuna.

Nilimweleza baba mkwe yote, hata ile ya makamasi. Sikuona namna ya kumficha mtu aliyeniachia kabati lake. Aliishika ile diski kwa ukingo, kama zile nyingine, akapitisha kidole palipobanduka.

"Niliikataa mwenyewe," alisema. "Miaka yote ilikuwa hapa, na macho nilikuwa nayo."

Waliosafisha sinema niliwaandikia barua pepe, kwa Kiingereza cha darasa la jioni, mwalimu akanisahihisha: juu ya picha yenu kuna mwanamke, tafadhali tazameni juu kidogo. Wakajibu siku hiyohiyo, mashine yao ikajibu, asante kwa maoni yako. Nimeandika nyingine. Ya tatu naiandaa.

Siku hizi kila alasiri tunatundika blanketi. Taa inazimwa mara mbili. Mimi nasema miguu, yeye anasema uso.

"Amesogea kushoto," nasema.

"Hapo ana kibanio mdomoni."

"Anasimama kwa vidole."

"Hapo anacheka." Lakini jana hatukufika kwenye kicheko. Shujaa akapita, barabara ikaondoka, nikasimamisha picha. Aligeuza uso ili anione kwa pembe ya jicho, akaninyooshea mkono.

"Mama, kishimo kilikuwa shavu la kushoto au la kulia?"

"Baba, mimi..."

"Wewe ndiye uliyemwona mwisho. Fikiri. La kushoto au la kulia?"

Nilifumba macho. Niliona mvua, niliona shuka, niliona pua ya mwanangu.

"Sikumbuki, Baba."

Alitikisa kichwa polepole, mkono wake bado ndani ya wangu.

"Basi rudisha," alisema. "Tuanze tena na miguu."